Chati Yangu Yenye Tiki Nyekundu

Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa amemshika miguu...

Mama Kageha, jirani wa ploti ya pili, alikuwa amempanua mdomo kwa kidole. Mkono wake wa kulia ulikuwa na spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha.

Na mtoto aliyekuwa akivuja damu pale kitandani ni Javan wangu. Miezi mitano tu!

"Mama! Mnafanya nini?!"

"Tulia, Awuor. Tumemaliza. Sasa atapona."

Kwa kisahani kulikuwa na vitu viwili vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Nilivijua mara moja. Yalikuwa machonge ya mwanangu, meno ambayo hata hayajaota!

Jameni, kabla hamjaanza kutukana hapo kwa comments, nisikilizeni.

Mimi nasomea afya ya kinywa na meno hapa Eldoret. Kukwangua ukoga, kulinda fizi, kufundisha watu kutunza meno, hiyo ndiyo kazi niliyoitamani tangu niko primary. Siku hiyo nilikuwa na mtihani wa mwisho wa vitendo. Nilirudi mbio Yamumbi, mtaa ninaoishi, kuchukua koti jeupe nililosahau kwa kamba ya nguo.

Mama alikuwa ametoka nyumbani, kule kando ya ziwa, aje anilelee mtoto nimalize shule.

Javan alikuwa anahara tangu Jumapili, mwili moto. Mama akamwangalia ufizi, akaona uvimbe mweupe. Kwetu wanaita meno ya plastiki. Wanasema ni minyoo, usipoing'oa mtoto anakufa.

Si minyoo. Ni jino linajiandaa kutoka. Mtoto alihitaji maji ya chumvi na sukari, basi!

Na hakuna mtu darasani aliyejua hayo kunishinda. Meno ya plastiki ndiyo yaliyokuwa project yangu.

Nilimfunga Javan kifuani, nikapanda boda hadi hospitali. Mtihani ukaanza bila mimi.

"Ni nani amemfanyia hivi?" daktari akauliza.

"Jirani."

"Uchafu umeingia kwa damu. Tutajaribu, mama."

Tutajaribu... Mimi najua maana ya neno hilo kinywani mwa daktari.

Mama alikuja na uji kwa chupa. Nilimfukuza.

"Usimguse mtoto wangu! Umeniua, Mama!"

Alikaa kwa benchi la nje siku mbili, chupa ya uji mapajani.

Siku ya tatu asubuhi, Javan aliacha kulia. Nikafurahi. Nikadhani amepata nafuu...

Wapendwa, hakuamka tena.

Tulimzika nyumbani. Sikuongea na Mama matanga yote. Niliporudi Eldoret nilikuwa na nia moja: Mama Kageha aozee ndani! Nilifika mlangoni kwake na askari wawili.

Hakukimbia. Alikuwa anachambua mboga. Akaosha mikono polepole, akaniangalia.

"Mimi niliacha hii kazi miaka minne iliyopita, Awuor. Chifu alitukataza kwa baraza, nikatupa vyuma vyote. Mama yako alinibembeleza mara mbili, nikakataa mara mbili."

"Na mbona ulikubali?!"

"Si ni hiyo karatasi yako ya ukuta?"

"Karatasi gani?"

"Alinishika mkono akanipeleka kwa nyumba yako. Akaniambia, ona, mtoto wangu anasomea hii, na mwalimu amemtilia tiki. Hata chuo wanafundisha siku hizi. Nikaona aibu, nikasema kumbe mimi ndiye nimebaki nyuma. Nikatafuta spoku."

Nilikimbia hadi kwangu, nikasimama mbele ya ule ukuta.

Chati yangu ya project! Picha ya kwanza, mdomo wa mtoto na mshale kwa ule uvimbe. Ya pili, spoku. Ya tatu, meno mawili juu ya kiganja. Pembeni, mimi na koti jeupe natabasamu. Na tiki kubwa nyekundu ya mwalimu.

Juu yake niliandika kwamba kitendo hiki kinaua watoto. Kwa Kiingereza kizito, cha kuwashangaza walimu.

Linah, tunayesoma naye, alikuwa ameniambia, "Awuor, weka hata Kiswahili hapo chini."

Nikamcheka. "Hii ni ya marks, Linah. Si ya soko."

Nikapata themanini na nne, nikaibandika juu ya kitanda cha mwanangu.

Mama Kageha alichukuliwa, kesi bado inaendelea. Mimi nilirudi nyumbani kwa Mama.

"Mbona hukuniuliza, Mama? Mbona hukuniuliza tu?"

"Ulisema nikuache usome. Sikutaka kukusumbua, mtihani ulikuwa karibu."

Ni kweli nilisema. Nilisema hata bila kuinua macho kwa kitabu.

Mtihani niliurudia, nikapita. Juzi nimechora chati mpya nitakayobeba kliniki nikianza kazi. Mbili, moja ya Kiswahili, moja ya Kijaluo. Wewe unayesomea afya, ualimu, chochote kile, elimu ambayo mamako hawezi kuisoma bado haijafika nyumbani. Mimi nimejua hivyo kwa kaburi la mwanangu.

Ile ya Kijaluo nilimpelekea Mama kwanza. Mama si mjinga, jameni. Biblia ya Kijaluo anaisoma kila asubuhi.

Aliisoma na kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Alipofika mstari unaosema usimng'oe mtoto, mpeleke hospitali, kidole kikasimama.

Kisha akaniangalia.

"Awuor... kumbe hata hivi ulikuwa unajua kuandika?"