Mwenza wa Kiti cha Pili

Verdiana wa Kibeta alikuwa na ugonjwa ambao Bukoba nzima hakuna aliyeuelewa: alipenda rola kosta, yale magari ya michezo yanayopanda na kuporomoka kwenye reli. Siyo kupenda kwa mdomo, kwamba ah, na mimi ningepanda siku moja. Alizipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Alifanya kazi za ndani Dubai miaka minane, na kila siku yake ya mapumziko, wenzake wakilala au wakizurura madukani, yeye alikwenda kwenye viwanja vya michezo kupanda. Alikuwa na daftari. Humo aliandika kila mtambo aliopanda, urefu wa mteremko wake wa kwanza, na kama kiti cha mbele kilikuwa kitamu kuliko cha nyuma. Mitambo thelathini na mmoja. Na yote hiyo aliipanda kwa foleni ya watu waliokuja peke yao, ile ya kuziba viti vilivyobaki. Leo anakaa ubavuni mwa Mhindi, wiki ijayo Mfilipino, na wakishuka kila mtu anaondoka na watu wake.

Aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa na mwaka wa pili kaburini, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama tunavyozika sisi. Verdiana hakuwahi mazishi. Alirithi nyumba, kibanja cha migomba, mibuni michache na kimya kizito. Alijaribu kuwasimulia watu jinsi tumbo linavyobaki juu wakati wewe umeshafika chini. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza mbona hajaolewa. Watoto wakamwita Mama Reli. Aliyemvumilia ni Salma tu, jirani mwenye duka, na Salma ndiye aliyenisimulia mimi mambo haya: sehemu aliambiwa na Verdiana, sehemu alijionea. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa.

Mwaka jana zikaja habari kwamba tajiri mmoja amefungua uwanja wa bembea huko Kimwani, Muleba, na kwamba ana rola kosta. Ndogo, ya mtumba, imeletwa vipande vipande kwa lori. Verdiana hakupata usingizi. Alimwomba Salma waende wote.

"Dada Verdi, mimi nikipanda stuli ya dukani tu naona kizunguzungu," Salma akasema. "Nenda, utanisimulia."

Akamwomba binamu yake. Akamwomba mwanakwaya mwenzake. Wote walikuwa na shughuli. Basi Jumatano asubuhi akafunga kamba za raba zake, akabana nywele, akaondoka peke yake kama alivyozoea.

Alifika saa sita. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na uwanja ulikuwa mtupu. Bembea zimelowa, kibanda cha bisi kimefungwa, na huko nyuma, juu ya ardhi nyekundu iliyosawazishwa kwa tingatinga, reli imenyanyuka na kupinda, rangi ya bluu imebabuka. Vilima vitatu tu. Kwa mtu aliyepanda alivyopanda yeye, ulikuwa mchezo wa watoto. Lakini machozi yalimlengalenga. Hakutegemea kuiona reli ile katikati ya migomba ya kwao.

Mwendesha mtambo aliitwa Avit, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, amejikunyata karibu na jenereta.

"Karibu, mama. Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi haiwezekani. Gari likiwa na mtu mmoja linakuwa jepesi, linakwama bondeni kabla ya kilima cha tatu. Sharti muwe wawili."

"Panda na mimi."

"Nani atashika breki?"

Akangoja. Alikaa kwenye benchi chini ya bati akitazama getini, akiomba aje mtu yeyote, hata mlevi. Saa saba ikapita. Hakuja mtu. Iliuma, na Verdiana alimwambia Salma waziwazi kwamba iliuma kuliko siku aliyopigiwa simu ya msiba. Amerudi kwao, kwenye udongo wake, na hapa napo anaambiwa yeye mmoja hatoshi.

"Wabonaki, waitu," sauti ikamsalimu kwa Kihaya.

Mwanamke alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Mkubwa kwake kwa miaka kumi hivi, mwembamba, kitenge kimepauka hadi maua yake hayaonekani. Verdiana hakumwona akija. Aliinama akaitikia kwa heshima. Yule mama akasema anaitwa Magdalena, ni wa hapohapo, na siku zote anautamani mtambo ule.

"Lakini nami nakosa mwenzangu," akanong'ona.

Unafikiri Verdiana aliuliza maswali? Alisimama palepale, akamwita Avit.

Wakakaa. Avit akashusha chuma cha kuwazuia mapajani, na kwa sababu kilikuwa na kutu, kikambana Verdiana kidole gumba. Damu ikatoka kidogo pembeni ya ukucha. Avit hakuona, alikuwa ameshageuka kurudi kwenye jenereta yake.

Yule mama akafungua fundo la kitenge. Akatoa buni moja. Moja tu, ile ya kukaushwa tunayowakaribisha nayo wageni.

"Karibu akamwani. Ipasue wewe, vidole vyangu vimekufa ganzi."

Hapa ndipo Verdiana alipokosea. Miaka minane alijua sharti la kwanza la mitambo hii: huingii na kitu mdomoni. Hata ubani wa kutafuna alikuwa anatema. Lakini sharti lile ni la Dubai. Kwetu, mtu mzima akikukaribisha kahawa ya kutafuna ukaikataa, umemwambia wewe na yeye ni maadui. Verdiana hakutaka adui. Alitaka mtu wa kukaa naye.

Akaipasua kwa ukucha. Zikatoka punje mbili. Moja ikapata damu ya kidole chake. Kabla hajaifuta, yule mama akaichukua. Ya pili akaiviringisha kiganjani mwake taratibu, akamwekea Verdiana mdomoni mwenyewe, kama anavyolishwa mtoto.

Ilikuwa na ladha ya udongo. Verdiana akaificha chini ya ulimi, aiteme wakishuka.

Yule mama hakutafuna. Alimeza. Verdiana aliliona koo likishuka.

Mnyororo ukakwaruza. Gari likaanza kupanda.

Juu ya kilima cha kwanza migomba ilienea mpaka macho yanachoka. Upepo ulinyamaza. Gari likasimama kidogo ukingoni, kile kituo kifupi anachokijua kila mpenda rola kosta, na mkono ukaushika mkono wa Verdiana. Mkono wa baridi. Siyo baridi ya mvua.

Wakaanguka.

Verdiana alipiga kelele. Mdomo ukawa wazi. Akavuta pumzi. Punje ikapita kooni.

Akaisikia ikishuka. Kilima cha pili. Bonde. Gari halikukwama. Lilikuwa zito. Kilima cha tatu. Ubavuni mwake yule mama alikuwa anacheka, na Verdiana naye akacheka, na machozi yakamtoka. Katika mitambo yote thelathini na mmoja, hakuna aliyewahi kumshika mkono. Alimwambia Salma hivyo, na akaona haya kusema kwamba ule ndio mteremko mtamu kuliko yote maishani mwake.

Waliposhuka, yule mama alimsogelea sikioni. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Sasa mimi ni wako na wewe ni wangu. Jumatano ijayo nitakuja kwako."

Akazunguka nyuma ya kibanda. Avit alikuja akifuta mikono.

"Mwenzako ameelekea wapi? Huko nyuma hakuna njia, kuna ukuta."

"Sijui. Amesema anaitwa Magdalena, ni wa hapa."

Avit akavua kofia. Kisha akamweleza kwamba pale palikuwa kibanja cha watu. Waliuza wakahamia mbali, wote, wakaacha makaburi kwenye migomba, na tingatinga likayapitia. Misalaba mingine ilikuwa imeoza. Mmoja ulikuwa wa chuma na jina lake lilisomeka.

"Magdalena," akasema. "Nilikaa na ule msalaba mwezi mzima nikingoja ndugu zake waje kuuchukua. Hakuja mtu."

Verdiana alimpigia shangazi yake, Benigna, kabla hata hajafika nyumbani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Ulitafuna au ulimeza?"

"Nilimeza, shangazi. Ilinipita tukiwa tunashuka."

Halafu Benigna akamkumbusha jambo ambalo vijana wa leo wanalisikia kwenye hadithi tu. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu walipasua buni moja, kila mmoja akapaka punje yake damu, wakabadilishana, wakameza bila kutafuna. Ule ndio omukago. Wenzi wa omukago hawanyimani kitu. Akija kwako unafungua. Akisema twende, unakwenda.

"Yeye amekula damu yako," Benigna akasema. "Wewe umekula udongo, kwa sababu hana damu ya kukupa. Huo ni mkataba wa wizi, unaweza kukatika. Jumatano usimfungulie na usimwitikie. Jua likizama yuko nje, hatarudi tena. Ukimfungulia, mwanangu, mimi sina la kukusaidia. Na usikae peke yako siku hiyo."

Usikae peke yako. Shangazi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miguu, yuko Muleba, hawezi safari. Verdiana akaenda dukani kwa Salma, akamsimulia yote, akamwomba ashinde naye Jumatano. Salma akakubali. Lakini Jumatano hiyohiyo alfajiri ukatokea msiba wa mjomba wake Buhembe. Angefanyaje? Alisema atarudi mapema, kabla ya jua kuzama. Verdiana akamwambia nenda, msiba ni msiba. Salma akilifikia jambo hili huinuka kupanga bidhaa dukani, na mimi simhimizi.

Huko msibani alizima simu. Alipoiwasha saa kumi jioni, akiwa njiani kurudi, alikuta jumbe nne za sauti. Nimesikilizishwa zote.

Wa kwanza ni wa saa saba. Mvua inasikika juu ya bati. Verdiana ananong'ona: "Amekuja. Amegonga mara tatu. Sijaitika."

Wa pili, saa nane: "Bado yupo. Hasukumi mlango, hatishi. Anasema tu, mwenzangu, nimekuja. Nimechungulia dirishani. Miguu yake ina matope mpaka magotini, kama mtu aliyetembea kutoka Kimwani."

Wa tatu, saa tisa. Mvua imezidi. Kwa nyuma, mbali kidogo na simu, kuna sauti ya mwanamke, tulivu kabisa: "Nitangoja." Verdiana yuko karibu zaidi. Anapumua tu.

Wa nne ni wa saa tisa na nusu, na hanong'oni tena.

"Salma, analowa. Kwa saa mbili na nusu amesimama kwenye mvua, na hajakasirika. Najua shangazi amesema nini. Nakumbuka kila neno. Lakini niambie wewe, mimi kuna mtu gani aliwahi kuningoja?"

Halafu komeo likavutwa.

Salma alishuka kwenye pikipiki akikimbia. Jua lilikuwa bado lipo. Mlango wa Verdiana ulikuwa wazi, sakafu imepigwa deki, mvua haijaingiza hata tone. Hapakuwa na mtu. Aliita chumba kwa chumba, akaita uani. Akapiga simu ya Verdiana.

Ikaita. Akausikia mlio wake pia, hafifu, kutoka kwenye migomba.

Akaufuata mlio. Akapita kaburi la mama yake Verdiana. Ubavuni mwake palikuwa na kaburi jingine. Majani yameota juu yake yamefika magotini, mawe ya pembeni yamefanya ukungu wa kijani, kama kaburi la miaka ishirini. Asubuhi hapakuwa na kitu. Salma alipita hapo akichuma mchaichai kabla ya kwenda msibani. Mlio ulikuwa unatoka chini.

Kisha simu ikapokelewa.

Salma akasikia upepo. Upepo mkali, wa kitu kinachoshuka kasi. Na ndani ya upepo, wanawake wawili wanacheka. Mmoja hakumjua. Mwingine alikuwa Verdiana, na miaka yote ya ujirani wao Salma hakuwahi kumsikia akicheka vile. Kilikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. Kikaendelea kushuka, kikawa kidogo, kikawa mbali sana, mpaka simu ikakatika.

Kesho yake serikali ya mtaa ilileta watu wakafukua. Chini ya majani walikuta udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na jembe. Walichimba mpaka mwambani. Hakuna simu, hakuna mtu, hakuna kitu. Wakafukia, wakasawazisha, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata tuta lilikuwa pale pale, na majani yamefika magotini. Lakini safari hii yalikuwa yamelala, mahali pawili, kama palipolala watu, bega kwa bega.