Bao la Pili

"Bao likiingia, kata kamba."

Maneno manne tu, kwa sauti ya mwanamume asiye na haraka. Kisha mawimbi yakakaa kimya.

Bakari Hassan alibonyeza kidude kilichokuwa sikioni mwake. Redio yake ya Motorola ilikuwa imefungwa ubavuni kwa plasta, chini ya shati. Bastola ya Browning ilikuwa kiunoni.

"Mbuta, Mbuta. Umesikia? Ova."

"Nimesikia, Kamongo. Anayeamriwa yuko hapo hapo uwanjani. Anangoja kelele."

Mbuta alikuwa mkubwa wake katika kazi ya upelelezi, aliyejifungia katika chumba cha hoteli mjini na mtambo wa kunasa mawimbi. Yeye ndiye aliyempa Bakari jina la Kamongo, samaki wa matopeni, na Bakari hakuwahi kumsamehe.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Risasi ikilia wakati watu maelfu wanashangilia bao, nani ataisikia?

Ilikuwa Juni 1990. Kameruni na Kolombia walikuwa kwenye Kombe la Dunia huko Italia wakitoana jasho, na Kisumu nzima ilikuwa imehamia uwanja wa Kaloleni. Tajiri mmoja alikuwa ametoa runinga yake kubwa ya Hitachi, ikapandishwa juu ya lori na kuunganishwa na jenereta ya Honda. Fundi Oketch alisimama juu ya kichwa cha lori akiushika mlingoti wa antena. Picha ikianza kuwa na chengachenga, uwanja wote ulimfokea.

"Oketch! Zungusha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, yawa!"

Katikati ya umati huo aliketi Joram Wabwire, mchuuzi wa dagaa wa omena kutoka Port Victoria. Joram alikuwa ameona bunduki zikivushwa ziwani, na alijua zilikofichwa. Alikubali kusema, lakini si kwa simu wala kwenye kituo cha polisi. Mahali pa kukutania alipachagua Bakari mwenyewe, akajiona mjanja. Nani angemgusa mtu mbele ya mji mzima?

Nasipwondi, mkewe Joram, alikataa katakata. Bakari akamtazama machoni, akamwapia.

"Mama, nitamrudisha mimi mwenyewe."

Sasa ujanja ulikuwa unamtokea puani.

Alifikiria kuizima jenereta. Lakini kwenye giza muuaji asingehitaji hata hilo bao. Njia ilikuwa moja: kumfikia Joram kabla wavu haujatikisika.

Kisumu yote ilikuwa ikiomba bao. Bakari peke yake aliomba lisiingie, na ilimuuma, maana mpira aliupenda tangu akiwa mtoto wa mtaa huo huo.

Akaanza kupenya. Watu walikaa juu ya vigoda, mikokoteni, kreti za soda na mapaja ya wenzao.

"Omera, keti! Unatuziba!"

"Mzee, hatukuja kuona mgongo wako!"

Aliinama. Akasukuma. Akakanyaga kidole cha mtu, akatukanwa kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, akaomba radhi kwa zote mbili.

Dakika tisini zikaisha, bila bila. Nyongeza ikaanza. Giza lilikuwa limekwisha kutanda, na nyuso zote zilikuwa za buluu kwa mwanga wa runinga.

Shuti la Kameruni likapita karibu kabisa na mlingoti wa goli. Umati ukaguta. Mikono yote ikapanda juu.

Mkono mmoja ulishuka.

Ulishuka ndani ya jaketi la kaki, nyuma kidogo ya kisogo cha Joram.

"Nimemwona," Bakari alinong'ona.

Hakungoja jibu. Kwenye runinga, yule mzee wa Kameruni, aliyeingia kipindi cha pili na ambaye watu walisema angekuwa kwake akilea wajukuu, aliwaponyoka mabeki akaachia mguu wa kushoto.

Bao!

Uwanja ulilipuka. Bakari aliruka juu ya mabega ya watu, akaudaka mkono wa yule mtu ukiwa na bastola ya Makarov. Risasi ikatoka, ikazama ardhini. Hakuna aliyegeuka. Bakari alimtia kiwiko cha koo, wakaanguka pamoja, na waliowaona walidhani wanakumbatiana. Mmoja hata aliwapigapiga mgongoni.

Pingu zikalia. Makarov ikaingia mfukoni mwa Bakari.

"Nimemshika. Leta askari."

"Wanakuja. Mkalishe hapo."

Mwenye jaketi la kaki hakupigana tena. Alilala chini ya goti la Bakari, macho kwenye runinga.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza.

Bakari nusura acheke. Kumbe hata wauaji nao ni mashabiki!

Joram aligeuka, akaziona pingu. "Bwana Bakari, ni mimi alikuwa anataka?"

"Imekwisha, ndugu yangu. Sema sasa. Ziko wapi?"

"Otonglo. Iko lori ya bluu nyuma ya soko. Bunduki iko chini ya magunia ya omena. Wanangoja mpira iishe, waende nayo Nairobi."

Bakari aliyarudia hayo kwa Mbuta, neno kwa neno. Kisha akamshika Joram bega.

"Askari wakimchukua huyu, tunaenda kwenu."

"Basi wacha nione mpira kwanza," Joram alisema, akavuta pumzi ndefu. Akatabasamu. Katika miezi yote waliyojuana, Bakari hakuwa ameona meno yake. Akamwonea huruma, akajionea huruma na yeye pia, akainua macho kutazama runinga.

Kipa wa Kolombia alikuwa ametoka golini mbali kabisa, anapiga chenga kama yuko uani kwake na wanawe. Yule mzee akampokonya mpira. Goli likabaki wazi.

"Yawa! Yawa! Yawa!"

Bao la pili!

Joram aliruka. Bakari naye aliruka, mikono yote miwili juu, akipiga kelele hadi koo likamuuma. Kwa muda huo mfupi hakuwa na kazi, hakuwa na jina la samaki, alikuwa mtoto wa Kaloleni tu.

Alipotua, Joram alikuwa amekaa chini. Shati lake lilikuwa linalowa damu kifuani.

Bakari alimgeukia yule mwenye pingu. Hakuwa anatazama runinga tena. Ndipo Bakari alipoelewa kwamba mtu huyu hakuwa shabiki hata kidogo. Alikuwa anamngojea mwenzake.

"Ni nani? Yuko wapi?"

Mtu yule aligeuza uso. Pande zote watu walikuwa wakirukaruka, na yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye.

"Imeingia?" Joram aliuliza kwa sauti ndogo.

"Imeingia," Bakari alisema. Alikuwa analia na hakujificha.

Joram hakuuliza tena.

Askari walifika wakati Kolombia walipokuwa wamerudisha moja. Walimchukua mwenye pingu. Walimfunika Joram kwa shuka. Muuaji wa pili hakupatikana usiku huo, wala baadaye.

"Kamongo, lori tumelikamata Otonglo. Bunduki zote, hata moja haikutoka. Kazi safi sana. Ova."

"Shahidi amekufa."

Mawimbi yalikwaruza kidogo.

"Kazi ni bunduki, Kamongo. Nenda ukalale."

Bakari alitoka hadi kwenye gari lake la Peugeot kando ya uwanja, akabandua plasta, akaitupa Motorola kwenye kiti cha nyuma. Kipenga cha mwisho kilipulizwa. Mama mmoja mnene alimdaka shingoni akamzungusha.

"Tumeshinda, baba! Cheka basi!"

"Tumeshinda, mama," Bakari alisema, akajitoa taratibu mikononi mwake.

Alishika barabara ya Busia. Pale Otonglo taa za polisi zilikuwa zikimulika lori la bluu, na ofisa mmoja alimpungia mkono. Hakugeuza kichwa. Huko mbele, Port Victoria, Nasipwondi angekuwa ameketi kando ya redio akifurahi na majirani, akihesabu kwamba mumewe yuko kwenye shangwe kubwa kuliko yake.

Bakari aliendesha polepole. Kadiri alivyochelewa, ndivyo Nasipwondi alivyozidi kuwa na mume.