Kimlango cha Bibi

Ukungu ulikuwa ndani. Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema Mama Kona asubuhi ile, na hakuna aliyelisikiliza.

"Si ufute," alisema Mkurugenzi, macho kwenye simu.

"Nimefuta. Haufutiki. Uko upande wa ndani wa mfuniko."

"Basi mashine imetoa jasho."

"Mashine haijawashwa, bosi. Hata waya haujachomekwa."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kama mtu anayemvumilia mtoto, akaendelea na simu yake.

Mama Kona hakuwa na mtoto aitwaye Kona. Hakuwa na mtoto kabisa. Alikuwa mchoraji wa maumbo katika ofisi ile, na jina alilipata kwa kugombania kona za vitu: ziwe na mviringo kiasi gani zisije zikamchoma mchezaji kiganjani. Mwanamume akigombania jambo ofisini huitwa makini. Yeye aliitwa Mama Kona, wakacheka, jina likaganda.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa kuiunda upya mashine ya gemu ya zamani, lile boksi la kijivu lenye kimlango mbele ambalo enzi zake kila mtoto alililia. Watoto wale sasa wana vitambi na mikopo ya nyumba, na wako tayari kuununua utoto wao kwa bei yoyote. Ofisi ilikuwa na mashine moja halisi ya kuigia, waliyoipata kwa mjane wa mtu aliyekuwa akichezesha watoto wa mtaa mzima sebuleni kwake. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya wafanyakazi, kwa hiyo wakaiita Bibi.

Aliyewahi kuicheza anakumbuka. Gemu ikigoma, unachomoa kaseti yake, unaipuliza, unainama hadi mdomo uguse kimlango, unapuliza na mle ndani, fuu, kisha unarudisha kaseti na kuomba Mungu. Mafundi wote wanasema kupuliza hakukusaidia chochote. Mate yalikuwa yanaozesha chuma tu. Lakini nani hakupuliza? Wengine walipuliza hata gemu ikiwa nzima, kama mtu anavyopiga hodi kwenye nyumba aliyokwisha kukaribishwa.

Ndiyo maana Mama Kona alitaka kimlango kibaki, na kifunguke. Mkurugenzi hakukitaka. Gemu za sasa zimo ndani ya bodi, alisema, kaseti hakuna, mlango wa nini? Alitaka boksi laini, lisilo na skrubu wala tundu, limegundishwa pande zote, na juu mfuniko wa plastiki angavu ili watu wauone moyo wa mashine.

"Hakuna anayenunua mlango," alisema kikaoni.

"Hakuna anayenunua nyumba isiyo nao," alijibu Mama Kona.

Kikao kilicheka, halafu kikampigia kura Mkurugenzi. Kushinda hoja na kushindwa kura ni vitu vinavyoweza kukaa kiti kimoja, naye alikuwa amekwisha kuvizoea vyote viwili.

Boksi jipya lilipotengenezwa, wajaribu walilalamika kwamba ukibonyeza kuruka, mtu wa kwenye skrini anachelewa kidogo sana, kama anayefikiri kwanza. Fundi, yule wa mambo ya umeme, akapata wazo: aling'oa bodi ya Bibi yenyewe, moyo wake mzee, akaupandikiza ndani ya boksi laini na kuligundisha. Gamba la Bibi likatupwa kabatini, kimlango chake wazi kama kinywa cha mtu aliyelala chali. Kesho yake ndipo Mama Kona alipoukuta ukungu.

Angeweza kunyamaza, kama si Chapchap.

Chapchap alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, binti mwenye vidole vyepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wake haukuwa mzito. Dada ndiye aliyemwombea kazi ya kujaribu gemu. Mama yao, alipowasindikiza, hakuwa na usia mrefu. Alimwangalia mkubwa akasema, "Mwangalie mwenzio." Basi.

Wiki ile Chapchap alianza kuishiwa na pumzi. Alipanda ngazi za ofisi akakaa chini katikati, yeye aliyezoea kuziruka mbili mbili.

"Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Nimechoka kama nimepuliza maputo ya harusi."

"Umepuliza nini?"

Chapchap akacheka, halafu kicheko kikakatika, akatazama pembeni. "Sijui. Nikicheza najikuta tu."

Mama Kona akaenda kwa Mkurugenzi kumweleza. Mkurugenzi akamwita fundi wa viyoyozi. Fundi wa viyoyozi akasema hewa ni nzito, akabadilisha chujio, akaondoka. Mama Kona akarudi tena, akaeleza habari ya ukungu, na habari ya harufu, kwa maana sasa chumba cha majaribio kilinuka mdomo wa mtoto aliyeamka, maziwa na peremende na usingizi, na hakuna mtoto aliyewahi kukanyaga pale.

"Nyie akina dada mna hisia kali sana," alisema Mkurugenzi kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi.

"Nina pua, bosi. Hisia ni jambo jingine."

Ilikuwa kama kutwanga maji. Akaamua kwenda kukaa mwenyewe katika chumba kile.

Chumba cha majaribio kilikuwa na madirisha yaliyobandikwa karatasi nyeusi ili skrini ionekane vizuri, kwa hiyo ndani kulikuwa na usiku wa kutengenezwa, mchana kutwa. Nje, sauti za watu wanaokwenda kula. Alifungua mlango polepole. Chapchap alikuwa ameketi sakafuni mbele ya skrini, pedi ya kuchezea mapajani, hachezi. Kwenye skrini yule mtu mdogo wa gemu alikuwa amesimama akiutazama upande huu.

"Chapchap."

Chapchap aliinama mbele, taratibu, mpaka mdomo wake ukagusa ubavu laini wa boksi, palepale ambapo kimlango kingekuwa kama kingeachwa, naye alikuwa amezaliwa baada ya mashine zile kufa na hakuwahi hata siku moja kumwona mtu akipuliza kaseti, akapuliza, fuu, akavuta pumzi kidogo kuliko aliyoitoa, akapuliza tena, fuu, na kila alipopuliza ukungu ulipanda chini ya mfuniko kama kioo kinachohemewa na mtu aliye karibu mno, na kutoka ndani ya lile boksi lisilo na ufa wala tundu, kwa sauti nyingi ndogo zilizobanana kama watoto waliojificha kabati moja, kukatoka neno ambalo Mama Kona alilisikia kwanza kwenye meno yake kabla ya masikio.

"Hodi."

Akanyakua kisu cha kukatia plastiki akakigusisha kwenye gundi. Hapohapo Chapchap akaacha kupuliza. Kifua kikasimama, midomo ikageuka rangi ya majivu. Mama Kona akaondoa kisu. Kifua kikapanda tena, kwa shida.

"Hodi," ilisema ile sauti. "Hodi. Mbona hamfungui?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula, na wali ulikuwa ukimwagika bila yeye kujua.

"Umesikia?" Mama Kona alinong'ona.

"Nimesikia."

"Sema tena, maana nikisema mimi ni hisia."

"Nimesikia, Mama Kona." Akaweka sahani chini. "Mama mkwe wangu hupunga majini. Ila mimi siwezi kumpigia, namwogopa kuliko hilo."

"Nipe namba."

Mama mkwe alifika kwa teksi, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa ngozi, akamwuliza mkwewe aliyejibanza nyuma ya mlango kama bado anakoroma. Fundi akasema, "Shikamoo mama," kutoka kulekule nyuma ya mlango. Mganga akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na Chapchap, akamshika kifundo cha mkono, akaligeukia boksi.

"Marahaba," aliliambia, ingawa boksi halikusalimia. "Wewe ni wa wapi?"

Chapchap ndiye aliyefungua kinywa, lakini maneno hayakuwa yake. "Wa humu."

"Unakula nini?"

"Walikuwa wananipa. Walikuja wenyewe, wakainama mlangoni, wakapiga hodi, wakanipulizia. Kila mmoja kidogo. Sikumnyima mtu mchezo. Sikumgusa mtu."

"Na huyu umemgusia nini?"

"Wameniziba. Mlango hakuna. Nimemshika aliye karibu."

Mganga akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Huyu si mkorofi," alimwambia Mama Kona kwa sauti ya chini. "Ni mpangaji aliyejengewa ukuta akiwa ndani. Nikimtoa kwa nguvu atatoka na pumzi ya mdogo wako. Anataka mlango. Nani ana uwezo wa kumpa?"

"Mimi. Nyumba zake nachora mimi."

"Usiape kwa kitu kisicho chako."

"Mchoro ni wangu."

"Mchoro ni wako. Kiwanda ni cha nani?"

Mama Kona akamtazama mdogo wake, midomo ile ya majivu, akalisikia lile neno moja la mama yao. Akaweka kiganja juu ya mfuniko. Ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Naapa kwa roho ya huyu ninayemlilia," alisema. "Rudi kwenye gamba lako la zamani leo. Na nyumba yako mpya itakuwa na mlango."

"Unafunguka?" kiliuliza kinywa cha Chapchap.

"Unafunguka."

Gundi iliachia yenyewe, ikatoa sauti kama busu. Fundi akaurudisha moyo wa Bibi kwenye gamba la kijivu, na Chapchap akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, kisha akauliza kwa nini wote wamemkodolea macho na nani amemwaga wali.

Mama Kona alichora upya usiku na mchana. Kimlango, bawaba, springi ndogo ya kukirudisha. Alikwenda kikaoni na hoja zake zimepangwa kama mawe ya kurushia, lakini kabla hajafungua kinywa Mkurugenzi akasimama.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema. "Tuweke kimlango. Watu wana kumbukumbu nacho."

Kikao kikapiga makofi. Mwenzake aliyekaa kando akamwambia, "Umeona? Bosi ana maono." Siku nyingine angekunja uso na kutaja nani alisema nini katika kikao kipi. Safari hii aliumeza mfupa ule mzima. Mlango ulikuwa mlango, hata ukiingizwa na mwizi.

Akaituma michoro. Akamkataza Chapchap chumba cha majaribio, akampeleka mezani kwa wapokea simu, na Chapchap akanuna, akala, akapanda ngazi mbili mbili.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mama Kona alichelewa kwa sababu mlinzi hakulikuta jina lake kati ya wageni. Kina Mkurugenzi walikuwemo wote, mchoraji hakukumbukwa. Alipopenya ndani, aliliona juu ya meza, chini ya taa: boksi la kwanza kutoka kiwandani, kona zake zikiwa na mviringo ule alioupigania, mfuniko wake angavu, na mbele, kimlango. Kilikuwa kizuri. Fundi, kutoka upande wa pili wa ukumbi, alimnyanyulia dole gumba. Machozi yalimlenga.

Kisha akamwona aliyeketi mbele ya skrini. Mkurugenzi alikuwa amemchagua mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote, awachezee wageni gemu ya kwanza. Chapchap alimpungia mkono, pedi mapajani.

Mama Kona alisogea mezani. Hakuwa na shaka. Alitaka tu kukifungua mara moja kwa mkono wake, kama mtu anayemkaribisha mgeni aliyemwahidi. Aliingiza ukucha kwenye ufa.

Haukuingia. Alisogeza kidole pembeni, akajaribu kona nyingine. Akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu.

"Ukucha wako utaikwaruza," Mkurugenzi alimnong'oneza, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Hakifunguki."

"Kitafungukaje? Ni mchongo. Bawaba zilikuwa zinatuchelewesha, nikawaambia kiwandani wachonge umbo tu. Ukisimama pale mbele hujui tofauti. Hata Fundi hakujua."

"Humu ndani mmeweka nini?"

"Moyo wa Bibi, nini kingine? Ndiyo hadithi yenyewe tunayoiuza. Fundi aliupachika kwa chini, mimi nikaagiza kitako kigundishwe." Akampigapiga begani. "Usijali, safari hii wamegundisha vizuri."

Mama Kona alikuwa akiutazama mfuniko. Katikati yake, chini ya taa zile zote, kiduara kidogo cha ukungu kilikuwa kimetokea, ukubwa wa mdomo wa mtoto, kikatanuka, kikapungua, kikatanuka tena, na wageni wa mstari wa mbele wakaanza kupiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nyuma yake, pedi ilianguka sakafuni.

"Dada," alisema Chapchap, kwa pumzi kidogo iliyobaki. "Kuna mtu anapiga hodi."