Kitufe cha Sauti cha Mama Wangari

Nina miaka sitini na sita, naishi Uthiru. Shule niliachia darasa la nne. Miaka thelathini nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa, River Road... herufi unaisoma kinyume, na mikono inabaki nyeusi mpaka Jumapili. Lakini hayo si niliyokuja kusema. Nimekuja kusema nilivyomdanganya mke wangu.

Mama Wangari masikio yalikuwa yamechoka. Simu ya mkono hakuisikia hata uibandike sikioni. Binti yetu Wangari, aliye nesi ng'ambo, akatutumia laptop kuukuu ili kila Jumapili baada ya kanisa tuongee naye kwa mtandao. Ilikuwa na Linux, ile programu ya bure. Ilifanya kazi vizuri, isipokuwa vile vitufe vya juu. Cha kuongeza sauti ukikibonyeza, kimya! Na bila sauti kubwa, mke wangu angesikia nini?

Nikaipeleka River Road kwa Salma, mama wa Mombasa anayetengeneza kompyuta. Akafungua kidirisha, akabonyeza kitufe, namba ikatokea.

"Waona, mzee wangu? Mashine yasikia mtu anabisha hodi, ila haimjui ni nani. Sisi twaiambia."

Akaandika kwenye faili: namba hii ipandishe sauti, hii iishushe. Nikamwomba anifundishe kuifungua ile faili. Si mimi ni mtu wa herufi? Akanifundisha, akaniachia onyo moja tu.

"Namba hizi ni za mashine hii. Za mashine ya mwenzio usizilete humu."

Wasomaji wangu, mngemwona mke wangu Jumapili ile! Alibonyeza kitufe mwenyewe, sauti ya mtoto ikajaa nyumba. Akacheka mpaka leso ikaanguka kutoka kichwani.

Sasa kuna Njoroge, rafiki yangu wa Woodley, tuliyebatizwa naye siku moja. Naye alikuwa na Linux, kwa laptop ya aina nyingine. Yake ilikuwa na kitufe cha muziki, cha mwangaza, mpaka cha kuilaza mashine, izimike kwa muda.

"Karanja, hiyo kitu yako inajua sauti peke yake? Hiyo ni redio, bwana!"

Maneno hayo yaliniuma... mzee mzima! Nikanakili namba zake zote kwenye karatasi, nikaja nikaziandika chini ya zile za Salma. Kitufe cha muziki kikaitika. Nikafurahi kama mjinga. Cha sauti sikukijaribu. Ningekijaribu kwa nini, na kilikuwa kizima?

Jumapili nikamwalika Njoroge aje aone. Wangari akatokea, mama yake akamuuliza, "Krismasi utakuja?" Mtoto akaanza kujibu. Mama akabonyeza kitufe chake ili asikie vizuri... giza! Namba ambayo kwa Njoroge hulaza mashine, kwangu ndiyo ilikuwa ya kupandisha sauti, na mashine hufuata mstari wa mwisho.

Nilijua papo hapo. Lakini Njoroge alikuwa ameketi pale na kikombe chake cha chai, ananitazama. Mke wangu akauliza, "Baba Wangari, kumetokea nini?"

Nikasema, "Ni Wangari amekata."

Mungu anisamehe!

"Amekata? Nimemuuliza tu kama atakuja."

Wangari akapiga simu ya mkono. Nikatoka nayo uani, nikamwambia mama amelala.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Salma. Hakunigombeza, akafuta tu mistari ya Njoroge. Kitufe kikapona. Lakini Jumapili iliyofuata mke wangu hakuja mezani kwenye laptop. "Mwache. Ana kazi zake, nisimsumbue." Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni mimi niliharibu. Nikala chakula. Nikasema moyoni, wiki ijayo.

Wiki ijayo ilikuja naye hayuko. Alianguka jikoni Alhamisi, hospitali hakufika na uhai.

Wangari alikuja kwa mazishi. Akaniuliza, "Baba, siku ile ilipokatika, mama alinisikia? Nilikuwa namwambia nimeshakata tiketi."

Nikamwambia, "Alikusikia." Uongo wa tatu huo! Na ninyi ndio wa kwanza kuujua, ila barua ya kumwambia Wangari ukweli nimeiandika, iko hapa mezani, na leo naipeleka posta kabla miguu haijakataa.

Ndugu zangu, kitu kikikuharibikia mkononi, sema hapo hapo, hata kama rafiki yako anakutazama na kikombe. Mashine ilipona kwa dakika kumi. Mke wangu nilimwacha aondoke akidhani mtoto wake hakutaka kumsikia... na kile kitufe, nikikibonyeza leo, kinapandisha sauti vizuri kabisa.