Bafle za Mangina

Karatasi ya spika kwenye bafle ya kushoto ilikuwa inapanda na kushuka, polepole, kama tumbo la mtu aliyelala. Mathe aliitazama. Betri ya gari ilikuwa kule pembeni na waya hazikuunganishwa. Akasema moyoni kwamba ni gundi inakauka, akaendelea na kazi.

Biashara yake ya kahawa ilikufa tangu vita vifunge barabara ya Beni, na mtu asiye na kazi Butembo hujitafutia la kumshika mikono. Yeye alishikwa na kufufua bafle za zamani. Hizi mbili, za mbao nzito, alizitoa Mangina, katika baa ambayo watu waliikimbia, na wengine, ilisemekana, hawakuwahi kufika mlangoni. Alitoa karatasi zilizopasuka, akakata mpya, akazungushia waya mpya wa shaba, akashona kingo kwa ngozi laini ya mbuzi. Mke wake Kaswera alilalamikia harufu ya nywele zilizoungua.

Zilipokwisha, muziki ulitoka safi hata Josaphat akaja kusikiliza. Huyu ni mdogo wake Kaswera, dereva wa lori, na askari waliotawala mji walikuwa wanakamata kila dereva na kumpeleka kwenye mapigano. Kwa hiyo alijificha chumba cha nyuma, kwenye magunia ya maharagi. Alicheka, akamsifu shemeki wake. Mathe akakata waya. Muziki ukakoma, lakini bafle ikacheka, kicheko kilekile cha Josaphat.

Kaswera aliweka rozari juu ya bafle, akapiga magoti. Bafle ikasali pamoja naye, kwa sauti yake mwenyewe, ila kila aliposema "utuombee," yenyewe ilisema "utuletee."

Jioni ile, Kaswera akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, mlangoni na askari wakipanda barabara bunduki begani, sauti ya Mathe ilianza kuongea ndani ya nyumba, na Mathe mwenyewe amesimama palepale kando ya mkewe, kinywa kimefungwa, akijisikia akisema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Josaphat iko hapa. Nyuma ya maharagi."

Kaswera akatwanga kwa nguvu zake zote, kinu kikalia kama ngoma. Askari mmoja akasimama, akauliza nani anaongea. Kaswera akamjibu kwamba ni radio. Wakaenda, lakini yule mmoja aligeuka mara mbili.

"Papa Solange," Kaswera akamnong'oneza mumewe, "ile kitu itatuuza."

Asubuhi walimwita mzee Lukumani, Mwislamu msafirishaji aliyejulikana hadi Beni kwa kusomea watu wenye majini. Alisoma mpaka mbao zikatoa jasho, ndipo akaiuliza inataka nini.

"Mule mu baa nilikuwa bila kinywa," ikasema. "Huyu Mathe njo alinipatia kinywa."

Lukumani akampa Mathe kisu. "Wewe ulitengeneza. Wewe utoe. Hata ilie namna gani, usiache."

Mathe alikata, na bafle ikalia kwa sauti ya Kaswera, ikamwita kwa jina lake la utoto, kisha ikalia kama binti yake Solange akiungua, ikimwomba baba amuonee huruma, na yeye akakata huku machozi yanamtoka, mpaka ngozi na karatasi zote zikawa vipande na pumzi ya moto ikampiga usoni, ikaingia puani. Lukumani akasikiliza kwa muda, akasema imetoka.

Hawakungoja. Josaphat alivaa kitenge cha dada yake, akabeba kikapu cha mihogo mgongoni kama mwanamke anayerudi shamba, akashika njia ya Vuhovi.

Mchana yule askari alirudi na wenzake, akitaka ile radio. Walipindua magunia yote. Kaswera akawaonyesha bafle zilizochanika, nao wakageuka kuondoka.

"Amepita njia ya Vuhovi," ikasema sauti nyuma yao. "Amevaa kitenge ya dada yake."

Kaswera akamtazama mumewe. Mathe alikuwa amejiziba kinywa kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na sauti iliendelea, ndani ya kifua chake, kutaja kila kona ya njia.