Katikati ya Malori Mawili

Shokapu za nyuma za pikipiki zilididimia kabla abiria hajapanda.

Ansbert aligeuka. Mama waliyekubaliana naye safari bado alikuwa amesimama kando ya Mtaa wa Msimbazi, akikaza fundo la mfuko wake wa vitenge.

"Vipi, baba, tunaenda?"

"Panda, mama."

Akapanda, na pikipiki ikadidimia tena, kama imepakia mshikaki, abiria wawili kwa mpigo.

Kijiweni kwao, mtaa wa Gerezani, waendesha boda wenzake walikuwa wakimtania Ansbert kwa woga wake. Miaka tisa barabarani, hajavunjika hata kidole. Hatanui pembeni ya foleni, hachomekei mbele ya magari, wala hajibanzi ukingoni magari yakamsukumia mtaroni. Alishika njia yake kama gari, akikaa mahali ambapo uso wa dereva wa mbele unaonekana kwenye kioo cha pembeni. "Usipomwona yeye kiooni," alikuwa akiwaambia wenzake, "jua naye hakuoni."

Mara moja tu alikiuka. Jumatatu ya wiki ile mkewe Jovitha alimpigia simu analia kwamba mtoto kabanwa kifua, na Ansbert akapenya katikati ya malori mawili yaliyosimama kwenye mataa ya Chang'ombe. Mtoto akawahi hospitali. Lakini tangu siku ile kulikuwa na harufu ya karafuu iliyoungua nyuma ya shingo yake, na pumzi za mtu zisizokatika.

Siku ya tatu, Barabara ya Nyerere, dereva wa pikapu alitazama kioo chake. Ansbert aliyaona macho yake waziwazi. Kisha yule dereva akakata kushoto moja kwa moja, na gurudumu likapita shibiri moja kutoka mguuni kwake.

"Huoni, kaka?" Ansbert akapiga kelele.

Dereva aliangalia huku na huku, kama mtu aliyesikia sauti kutoka kisimani. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamemtokea mara tatu: alipiga honi, akawasha taa, akahamia kulia, akarudi kushoto, na kila alikohamia magari yalimjia kana kwamba pale alipo hakuna kitu ila hewa, na kila alipotaka kusimama ukingoni mikono isiyo yake ilimshika viwiko ikaugeuza usukani kuelekea kwenye malori.

Jioni ile Mrisho, mwenzake wa kijiweni, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono. "Ndugu yangu, mambo haya hayataki fundi pikipiki. Twende kwa Bi Sitara."

Bi Sitara alikuwa mjane anayeuza vioo na taa za magari makuukuu pale pale Gerezani, na aliyejua kuzungumza na majini kuliko alivyojua kuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Wewe Mrisho, funga mlango."

Aliweka ubani kwenye makaa, akasoma kwa sauti ya chini. Ansbert alihisi ulimi wake unakuwa mzito, kisha ukaanza kusema peke yake.

"Nani wewe?" Bi Sitara akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

"Katikati ya magari. Huyu kapita sebuleni kwangu bila hodi. Nimemfunika, asionekane na mtu yeyote barabarani."

"Alikuwa anamkimbilia mwanawe. Msamehe, ushuke."

"Anirudishe kwangu. Palepale. Malori yakiwa yanatembea."

"Yakiwa yamesimama."

"Yakitembea!"

Ansbert alipozinduka, Mrisho alikuwa amegandamana na ukuta. Bi Sitara alimpa maji. "Anataka umrudishe palepale ulipopenya, malori yakitembea; sina la kumwambia zaidi, mwanangu," alinong'ona. "Usipokwenda, gari lolote litakumaliza. Ukienda, labda utapona. Ila piga hodi."

Kesho yake saa nane mchana, jua kali, mataa ya Chang'ombe yaliruhusu na malori mawili yakang'oka pamoja. Ansbert aliingia katikati, chuma kulia, chuma kushoto, na ule upenyo ukaanza kujifunga taratibu mpaka vioo vyake vikakwaruza pande zote mbili na moshi ukamziba macho, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma, na pumzi zile shingoni zikawa nyingi, za wakubwa na za watoto, na akataka kumwita Mama Maria lakini kilichotoka kinywani kilikuwa, "Hodi! Hodi, wenyewe!"

"Karibu," wakajibu wengi.

Pikipiki ikawa nyepesi. Akachomoka upande wa pili, na gari dogo likafunga breki mbele yake.

"We boda, umechoka kuishi?" dereva akafoka, akimkazia macho.

"Ahsante, kaka," Ansbert akasema, machozi yakimtiririka. "Ahsante sana."

Alirudi kazini baada ya wiki. Foleni ikisimama, naye alisimama nyuma ya gari kama gari, honi zikimtukana. Wenzake walimpita mmoja mmoja, wakapenya kati ya malori. Siku za mwanzo aliwapigia kelele. Wakacheka, mwoga yule.

Alhamisi moja kijana mwenye helmeti nyekundu alimpita hivyo, kampakia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alimwangalia Ansbert hadi malori yakamficha. Mataa yakaruhusu. Malori yakaondoka, moja likanyoosha, jingine likakata kulia, na pale katikati palikuwa na lami tupu, wala mbele hapakuonekana helmeti nyekundu.