Folda Iliyokataa Kuundwa

"Kifurushi kinatoka saa nane. Kizuie."

Simu ya mkuu wa doria ikakatika. Agnella, mpelelezi wa ujangili, akaikaza mafuta pikipiki yake ya Boxer, akalipasua soko la Ifakara huku matusi ya wauza mchele yakimfuata nyuma.

Saa saba na dakika hamsini.

Kifurushi chenyewe kilikuwa programu. Kila Jumanne ofisi ya mkandarasi iliirusha kwenye vifaa vya askari wa wanyamapori, ramani na mawasiliano ya doria yakiwa ndani. Jumanne iliyopita ilifika tupu. Vifaa vikazimika, na askari Sylvanus akabaki peke yake mbele ya bunduki za majangili.

Walimzika Ijumaa.

Leo lori la pembe za ndovu lilikuwa barabarani, na doria nzima ilikuwa inalisubiri.

Agnella akausukuma mlango wa ofisi ya mkandarasi, bastola ya Glock mkononi.

"Shikamoo, mzee Evod."

"Marahaba, mwa..." Fundi huyo wa kompyuta akaiona bastola.

"Nickolaus yuko wapi?"

"Bosi? Katoka asubuhi na Land Cruiser."

Agnella akaivuta kompyuta. Skripti, orodha ya amri za kufungasha programu, ilikuwa inajaribiwa. Amri ya kuunda folda ilishindwa, kwa sababu mtu alitangulia kuweka faili lenye jina lilelile la folda. Skripti haikujali. Iliendelea kufungasha hewa.

"Kwa nini haisimami?"

"Bosi hapendi maandishi mekundu, mwanangu. Wageni wakija anataka skrini safi. Akaniambia niyanyamazishe, nikayanyamazisha."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kilimchukua mwingine.

Saa saba na dakika hamsini na saba. Agnella akaandika mstari mmoja: folda isipoundwa, toa kosa, simama.

Saa nane.

Skrini ikawaka nyekundu. Skripti ikasimama, hakikurushwa kitu. Vifaa vya askari vikabaki na programu ya zamani, inayofanya kazi.

Redio ikakwaruza. "Doria hapa, tuko Mkula. Lori tunaliona. Land Cruiser imetangulia."

"Kamateni zote. Dereva wa Land Cruiser ni Nickolaus."

Dakika tisa zikapita, redio ikakwaruza tena.

"Tumewalaza chini wote, wana pingu. Kwetu hakuna aliyeumia."

Evod akashusha pumzi. "Mungu mkubwa. Tumeshinda."

"Jumanne iliyopita uliona folda imeshindwa?"

Mzee akatazama meza.

"Niliona. Nikasema labda bosi anajua."

Agnella alitamani kumpiga. Alitamani sana. Akarudisha bastola kiunoni, akachukua simu ya mzee, akabonyeza namba ya Digna, mjane wa Sylvanus, akaiweka kwenye spika.

"Mwambie hivyohivyo."

Agnella akavaa miwani yake ya jua, akatoka taratibu.

"Haloo?" sauti ya mwanamke ikasikika mpaka barazani. "Nani mwenzangu?"